Kutoka Kibo hadi Chalbi: Jinsi ya Kuchagua Kitabu cha Njia

Anayetaka kupanda Mlima Kenya kisha ateremke kaskazini hadi jangwa la Chalbi, au atoke Kilimanjaro aelekee Ol Doinyo Lengai na Ziwa Natron, atakuta dukani vitabu vya aina mbili. Vipo vya nchi nzima, vyenye hoteli, fukwe na mbuga za wanyama, huku milima ikipewa kurasa chache zilizobanwa katikati. Na vipo vya mlima mmoja, hasa Kilimanjaro, ambavyo hueleza kila kambi na kila kona lakini huishia langoni mwa hifadhi. Kitabu cha ukanda mzima, kinachomchukua mtu kutoka kwenye barafu hadi kwenye chumvi ya jangwani, ni adimu, na kikipatikana mara nyingi huwa kimechapishwa zamani.

Matokeo yake wengi huchagua kwa jalada, kwa wingi wa picha, au kwa jina la mchapishaji. Mimi naamini kipo kipimo bora kuliko hivyo vyote, na mtu anaweza kukitumia akiwa amesimama dukani. Fungua kitabu utafute maji. Ukimaliza, tafuta saa. Umbali na mwinuko mtu yeyote anaweza kuvisoma kwenye ramani akiwa amekaa mezani kwake, hajawahi kuiona njia yenyewe. Lakini kijito kinachokauka Septemba, na muda ambao miguu iliyochoka huchukua kupanda kokoto zinazoteleza, havijui ila aliyepita. Penye maji na saa ndipo unapomjua mwandishi aliyetembea na yule aliyenakili.

Tuanze na Kilimanjaro, kwa sababu ndiko wengi wanakoanzia. Njia za Machame na Lemosho huungana, hupita Barranco, zikashuka na kupanda bonde la Karanga, kisha zikafika Barafu, kambi ambayo watu huondokea usiku kwenda kileleni. Barafu imekaa juu ya mwamba mkavu, zaidi ya mita 4,600, na pamoja na jina lake haina maji. Kila tone la chai, la uji na la chupa yako limepandishwa kwa kichwa na mabega ya wapagazi kutoka kijito cha Karanga, mita mia kadhaa chini. Sasa linganisha vitabu viwili. Kimoja kinasema Barafu ni kambi yenye upepo na mandhari ya Mawenzi. Cha pili kinasema: jaza chupa zako zote Karanga, usiombe maji ya kunawia ukifika juu, na ukiona mpagazi ameinama na ndoo ujue ametoka wapi. Hicho cha pili kimeandikwa na mtu aliyekuwapo.

Njia nyingine zina mambo yake. Kwenye Marangu, juu ya Horombo kuna mahali panapojulikana kama maji ya mwisho, na kutoka hapo hadi kibanda cha Kibo unategemea ulichobeba. Rongai, inayopanda kutoka kaskazini, iko upande unaopata mvua kidogo, kwa hiyo kitabu cha maana kitakuambia vijito vyake huwa na maji miezi gani. Kikisema tu kwamba njia ni "kavu na tulivu", kimekuachia kazi yote.

Jangwani maji yana wenyewe, na hapo ndipo vitabu vingi vya milima vinapojaribu kuvuka mpaka vikashindwa. Kaskazini mwa Kenya mto mara nyingi ni laga: mchanga mweupe mpana usio na hata tone juu, na maji yako chini. Wasamburu huchimba visima ndani ya mchanga huo, na ukame unavyozidi visima hushuka, hadi watu kadhaa husimama ndani mmoja juu ya mwingine wakipitishiana ndoo kwenda juu huku wakiimba, na mifugo inasubiri zamu yake pembeni. Kisima kina familia yake, zamu ina utaratibu wake. Kitabu kinachochora alama ya kisima kwenye ramani kimesema robo ya habari. Bado hujui uombe ruhusa kwa nani, kama maji ni matamu au ya chumvi, kama yapo mwezi huu, na kama unahitaji kamba. Mwongozaji mmoja wa huko aliwahi kunifundisha namna ya kuuliza. Ukimwuliza mtu kama maji yako karibu, atakujibu kwa adabu kwamba ni karibu tu, na kwake yeye anayetembea toka alfajiri na mifugo, ni karibu kweli. Uliza hivi: "Habari mzee. Mbuzi wenu leo wamekunywa wapi?" Jibu la swali hilo lina mahali na lina siku. Nimekitafuta kitabu chenye ushauri kama huo, na vinavyoutoa vinahesabika kwa vidole.

Ziwa Turkana nalo hudanganya kwenye karatasi. Linaonekana bahari ya maji katikati ya nchi iliyoungua, lakini maji yake yana magadi na chumvi. Wenyeji wanayanywa panapokosekana mengine. Mgeni akiyategemea kwa siku kadhaa, tumbo lake litamwadhibu. Loiyangalani umekuwa mji pale ulipo kwa sababu ya chemchemi, si kwa sababu ya ziwa. Kalacha vivyo hivyo, kando ya Chalbi, na chemchemi zake na mikoma yake. Chalbi yenyewe ni sakafu ya chumvi na udongo ambayo mvua ikinyesha hugeuka tope linalomeza gari. Kitabu kikikuambia kwamba Chalbi ni "jangwa" na kikaishia hapo bila kutaja tope, rudisha kwenye rafu.

Halafu kuna uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, na mtu anayetembea kwenye joto la nyika ile anaweza kuhitaji lita 6 au zaidi kwa siku. Siku mbili bila chanzo cha maji ni kilo 12 mgongoni kabla hujaweka chakula wala hema. Ndiyo maana safari za miguu za huko hufanywa kwa ngamia na wenye ngamia wao. Kitabu kinachoeleza mwendo wa kutoka Mlima Kulal kushuka hadi Chalbi kana kwamba ni njia ya mlimani ya mtu na mkoba wake, hakikuandikwa na aliyewahi kubeba maji hayo.

Sasa saa. Mwaka 1892 Mskoti William Naismith alitoa kanuni ambayo mpaka leo imo ndani ya vitabu vingi, hata visivyoitaja: saa moja kwa kila maili tatu, yaani karibu kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila futi 2,000 za kupanda, yaani karibu mita 600. Ni kanuni nzuri kwa vilima vya kwao. Ipeleke Kibo uone. Kutoka kibanda cha Kibo hadi Uhuru ni kama kilomita 6, na unapanda karibu mita 1,200. Kanuni itakupa saa tatu na kidogo. Watu wengi huchukua saa sita hadi nane, kwa sababu kileleni, mita 5,895, shinikizo la hewa ni karibu nusu ya lile la Tanga au Mombasa, na kwa sababu kokoto za pale hukurudisha nyuma hatua moja kwa kila mbili. Kitabu chenye saa tatu kwa kipande hicho kimekokotolewa, hakikutembewa. Jaribu hesabu hii kwenye kipande chochote cha juu ya mita 4,000. Ukiona saa za kitabu zinafanana na kanuni kila mara, umeshajua.

Mlima una saa nyingine ambayo ni muhimu kuliko ya mwendo: usiku unalala wapi. Ushauri wa kawaida wa madaktari ni kwamba ukishapita mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku nzima. Chukua ushauri huo uuweke juu ya njia ya Naro Moru, Mlima Kenya. Usiku wa kwanza Met Station, mita 3,050. Usiku wa pili kambi ya Mackinder, karibu 4,200. Umeruka mita 1,150 kwa siku moja, na katikati umevuka tope maarufu la mteremkoni. Njia ya Sirimon, kutoka Old Moses mita 3,300 hadi Shipton karibu 4,200, ni ruko la mita 900. Nayo ni nyingi, ila njia yake ni ya taratibu zaidi na inampa mtu nafasi ya kukata mwendo kwa kulala katikati.

Vitabu vingi huiita Naro Moru njia ya haraka, na kwa kweli ni ya haraka. Kitabu kizuri hueleza pia kwamba hiyo ndiyo sababu watu wengi hufika Mackinder wakiwa wameshika vichwa, kisha kinapendekeza usiku wa ziada na kusema uulalie wapi. Baada ya hapo fungua ukurasa wa afya. Unatafuta sentensi moja isiyopindishwa: mtu akianza kuyumba kama mlevi, akachanganyikiwa, au akihema akiwa ameketi na kukohoa kikohozi chenye maji, anashushwa mara moja, hata kama ni usiku, hata kama kilele kiko mbele ya macho. Kama sentensi hiyo imefichwa katikati ya maneno kuhusu vitamini na miwani ya jua, mwandishi hajui ni kitu gani kinachoua watu juu ya milima hii.

Tukija kwenye umri wa kitabu, hapa ndipo watu wanapohukumu vibaya. Hufungua ukurasa wa ada za hifadhi, wakaona bei imepitwa, wakasema kitabu kimechakaa. Ada haina kosa. Hupangwa upya mara kwa mara, na kwa hifadhi za KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, malipo yenyewe siku hizi hufanywa kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, kwa hiyo kila kitabu kilichochapishwa kitakuwa nyuma. Bei utaiangalia kwenye simu wiki ya safari.

Yanayotisha ni yale yanayobadilika polepole, maana kitabu cha zamani huyaeleza kwa uhakika ule ule wa siku kilipoandikwa. Lengai ni mfano ulio wazi kuliko yote. Kwa miaka kabla ya 2007 kreta ya kileleni ilikuwa imejaa lava iliyoganda karibu na kingo, na watu walitembea juu yake, wengine hata wakapiga hema humo. Septemba 2007 mlima ulianza kulipuka kwa nguvu, ukaendelea hadi 2008, na uwanja ule ukatoweka. Kilichobaki ni shimo lenye kina kirefu na kingo za majivu. Kitabu kinachokuelekeza kuvuka sakafu ya kreta kinakuelekeza mahali pasipokuwapo tena, na wapandaji wa Lengai hufika kileleni alfajiri kukiwa bado na giza, kwa sababu huanza kupanda katikati ya usiku kukwepa joto la Natron. Fikiria mtu aliyeamini ukurasa ule, tochi mkononi.

Mlima Kenya nao si ule ulioandikwa kwenye vitabu vya miaka ya 1980. Diamond Couloir, mfereji wa barafu ulio kati ya vilele vya Batian na Nelion, ulipandwa mara ya kwanza mwaka 1973 na Phil Snyder na Thumbi Mathenge, ukawa moja ya njia za barafu zinazotajwa duniani kote. Barafu hiyo imepungua mno, na sehemu ya chini ambayo zamani ilikuwa nyeupe sasa ni mwamba unaoporomosha mawe. Barafu ya Lewis, ambayo watu huiona wakielekea kilele cha Lenana, ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Picha nzuri ya kitabu ikionyesha uwanja mpana wa barafu chini ya Lenana, tafuta picha ilipigwa lini. Kilimanjaro, njia ya Western Breach ilisifiwa kwa miaka kama mkato wa kuingia kreta. Januari 2006 mawe yaliporomoka yakaua Wamarekani watatu, njia ikafungwa, na ilipofunguliwa baadaye ilifunguliwa kwa tahadhari nyingine kabisa. Kitabu kinachoisifu bila kutaja mawe kiache.

Upande wa nyika mabadiliko mengine ni mema. Lami ya Isiolo hadi Moyale ilikamilika katika miaka ya 2010, na safari ya Marsabit ambayo vitabu vya zamani huielezea kwa hofu, kulala njiani na kusubiri msafara wenye askari, sasa basi huimaliza ndani ya siku moja kutoka Nairobi. Barabara ya Laisamis kuelekea Sarima, zaidi ya kilomita 200, iliboreshwa ili mitambo ya umeme wa upepo ipite, na ikafungua upande wa Loiyangalani. Ziwa Turkana, kwa upande wake, limepanda katika miaka ya karibuni likameza sehemu za ufuo na kusukuma makazi ya Waelmolo, hivyo njia yoyote inayosema "fuata ukingo wa maji" isomwe kwa shaka.

Haya yote yana faida moja ya haraka: unaweza kuyatumia kukijua kitabu kilizaliwa lini. Ukurasa wa hakimiliki huandika "toleo la tano", lakini toleo jipya wakati mwingine ni jalada jipya na utangulizi mpya tu. Kwa hiyo usiuamini mwaka huo peke yake. Angalia kama Lengai yake ni ya kabla au ya baada ya 2007. Angalia kama Marsabit yake ina lami. Angalia orodha ya vifaa: kikikushauri kufunga nguo kwenye mifuko ya plastiki, hakijui kwamba Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019, wala kwamba tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja, chupa za maji zikiwamo, haziruhusiwi katika hifadhi za Kenya. Kitabu cha mwaka huu kinachofeli majaribio hayo matatu ni kitabu cha zamani kilichovaa nguo mpya.

Sitaki kusema kitabu cha zamani hakina kazi. Umbo la bonde la Gorges, Mlima Kenya, halijabadilika, wala miamba ya mlima Nyiru. Waandishi wa zamani walitembea polepole, wakataja vijito na mapango ambayo waandishi wa leo wanayapita kwa gari. Mimi hupenda kuwa na kimoja cha zamani nyumbani kwa ajili ya jiolojia, mimea na historia, na kipya cha kubeba. Shida ni kubeba cha zamani peke yake.

Jambo linalowachanganya watu kuliko yote ni ramani na namba za GPS, na inafaa tulifungue taratibu. Ramani za serikali za Kenya na Tanzania, zile za kipimo cha 1:50,000, na 1:100,000 kwa sehemu kubwa ya kaskazini mwa Kenya, zilitengenezwa nyingi kati ya miaka ya 1950 na 1970 kutokana na picha za ndege. Kwa mistari ya mwinuko bado ni ramani bora sana. Lakini zilijengwa juu ya mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960. Simu yako na kifaa chako cha GPS hutumia mfumo mwingine, WGS84. Mifumo hii miwili hukubaliana kuhusu umbo la dunia kwa jumla, lakini haikubaliani kuhusu wapi hasa namba zinaanzia. Ukisoma namba za kisima kwenye ramani ya Arc 1960 ukaziingiza kwenye simu bila kugeuza chochote, simu itakupeleka karibu mita 300 kaskazini mwa kisima, na pungufu ya mita 100 pembeni.

Kwenye ramani ya 1:50,000 mita 300 ni milimita 6, upana wa penseli. Juu ya Chalbi, palipo tambarare, pengine utakiona kisima kwa macho. Juu ya Mlima Kenya kwenye ukungu, mita 300 zinakutoa kwenye mgongo wa mlima zikakuweka ukingoni mwa bonde. Kwa hiyo kitabu chenye namba za GPS lazima kiseme, ukurasa wa mwanzo kabisa, namba zake ni za mfumo gani. Kikiwa hakisemi, na ramani zake zimechorwa upya kutoka zile za zamani, namba hizo usizitumie. Ni afadhali kitabu kisicho na namba hata moja, kinachosema "vuka kijito cha pili, utaona mwamba mrefu mkono wa kushoto", kuliko chenye namba mia zisizo na mwenyewe.

Kwenye sura hiyo hiyo ya kutafuta njia utamjua pia mwandishi aliyehamisha maarifa ya kwao bila kuyapima hapa. Akitumia kurasa nyingi kueleza tofauti ya kaskazini ya dira na kaskazini ya ramani, jua kwamba kwetu tofauti hiyo ni ndogo mno kumpoteza mtembeaji. Akikuambia utafute Nyota ya Kaskazini usiku, hajawahi kulala Natron, maana kusini mwa ikweta nyota hiyo haipo. Akizungumzia "msimu wa kiangazi" wa Mlima Kenya bila kusema upande gani, hajui kwamba mlima ulio karibu kabisa na ikweta hubadilishana jua: miamba ya uso wa kaskazini hupandwa zaidi kati ya Juni na Oktoba, ya kusini kati ya Desemba na Machi. Na kama hajui masika na vuli, sioni atakufaa kwa lipi.

Kuhusu usalama wa kaskazini, kitabu hakiwezi kukuambia hali ya wiki hii, na kinachojifanya kuweza kinakuhatarisha. Lakini kina wajibu wa kusema ukweli wa eneo. Bonde la Suguta ni zuri mno kwenye picha, na joto lake ndilo vitabu hupenda kulisimulia. Ni pale pale, karibu na Baragoi, ambapo Novemba 2012 polisi zaidi ya 40 waliuawa wakifuatilia mifugo iliyoibwa. Mwandishi mwaminifu ataieleza hali hiyo bila kuwageuza watu wa huko kuwa vitisho, kisha atakuambia uulize kwa nani kabla hujaondoka: chifu, kituo cha polisi, wenye ngamia, watu wa lori lililofika jana. Ataeleza pia ardhi ni ya nani. Ololokwe, mwamba ule mkubwa juu ya barabara ya Marsabit, uko kwenye ardhi ya jamii ya Wasamburu. Unapanda kwa ruhusa yao, ukilipa kwao, na mwenyeji akikutangulia. Kitabu kinachouita "mwamba usio na ada" kimemfundisha msomaji kuingia nyumbani kwa watu bila hodi.

Hapo tunafika kwenye ukurasa ambao karibu hakuna anayeusoma dukani, wa shukrani. Vitabu hivi vingi vimeandikwa kwa Kiingereza au Kijerumani na watu waliokuja, wakatembea, wakarudi. Sina neno na hilo. Lakini hakuna aliyetembea peke yake: Kilimanjaro huruhusiwi kupanda bila mwongozaji mwenye leseni, na Mlima Kenya hairuhusiwi mtu kuingia akiwa mmoja. Kila maji yaliyotajwa, kila pango, kila njia ya mkato, kuna mtu wa Marangu, wa Chogoria au wa South Horr aliyemwonyesha. Mwandishi anayewataja kwa majina, na kusema nani alimwongoza kipande kipi, ameacha mlango wa kuhakikisha alichoandika. Anayeandika kana kwamba aliigundua milima mwenyewe, nami huyasoma maji yake na saa zake kwa shaka. Natamani sana siku moja kitabu cha ukanda huu kiandikwe kwa Kiswahili na waongozaji wenyewe, wenye laga zao, majira yao na majina yote ya vijito ambayo ramani haijawahi kuyabeba.

Kabla ya kulipa, fanya jaribio la mwisho. Tafuta kipande unachokijua wewe, hata kama ni kidogo: kutoka lango la Sirimon hadi Old Moses, kupanda Longonot, njia ya kwenda maporomoko ya Materuni. Soma mwandishi anavyokieleza. Ukikuta kona unayoikumbuka, mteremko uliokuchosha, saa zinazofanana na zako, basi pale usipopajua unaweza kumwamini. Ukikuta maneno ya kupamba yanayoweza kufaa mlima wowote duniani, na pale usipopajua atakuwa vivyo hivyo.

Ukishakinunua, usikipandishe kizima. Piga picha kurasa za njia yako kwa simu, na utoe nakala ya karatasi pia, kwa sababu baridi ya mita 4,000 humaliza betri usiku mmoja na joto la Turkana huzima simu mchana. Simu ilale nawe ndani ya mfuko wa kulalia. Nakala ya pili, yenye kambi zako kwa tarehe na saa ambazo kitabu kimezitaja, mwachie mtu wa nyumbani, na umwandikie juu yake siku na saa ambayo asipokusikia aanze kupiga simu, na ampigie nani kwanza.